Mwacheni Mwenye Flashi, Mfuateni Mwenye Spika

Marehemu kaka yangu alituachia sanduku la kanda. Nilizihesabu mwenyewe: 117, karibu zote C60 na C90, nyingine zimeota ukungu kwa unyevu wa bahari, nyingine utepe umejisokota ndani kama mshipi ulionasa mwambani. Mwanawe, ambaye ana meza ya kutengeneza simu hapa Lamu kwenye usita wa mui, yaani njia kuu ya mji, alitaka kuzitia kwenye flashi kabla hazijafa zote. Alikwisha kuazima redio kaseti inayofanya kazi na kupata waya wa kuiunganisha na kompyuta. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Ami, hii kazi ni halali?"

Nilimjibu upesi, tena kwa ukali kidogo, kwamba mali ya babake haihitaji ruhusa ya mtu. Lilikuwa jibu la kijinga. Kanda ilikuwa mali ya babake, sawa, lakini sauti iliyomo ndani ni ya nani? Na hiyo halali aliyoiuliza ni ipi, ya serikali au ya Mwenyezi Mungu? Neno letu hili lina milango miwili, na kijana alikuwa akibisha yote kwa pamoja.

Jioni ile nikalipeleka swali barazani. Nahodha mmoja mstaafu akalikata kama anavyokata kila kitu: "Ukinichukulia changu kwenye kikapu, kikapu kimepungua. Ukiinakili kanda yangu, kanda yangu bado ninayo. Wizi uko wapi?" Mwenzake aliyekuwa kimya muda wote akamgeukia: "Na yule mnunuzi aliyekuwa anakuja kwako, nikimpa mimi bure njiani, kikapu chako utakiuzia nani?" Mabishano ya mawakili wa hakimiliki, ukiyavua joho, hayapiti sana hapo.

Tuanze na mlango wa serikali, kwa sababu huo una maandishi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ilitungwa 2001 na ikaanza kutumika 2003. Kifungu chake cha 28 kinasema jambo ambalo sijapata kulisikia katika onyo lolote la "kunakili ni wizi": haki za mwenye rekodi ya sauti hazivunjwi na mtu anayetengeneza nakala moja ya rekodi hiyo kwa matumizi yake binafsi. Nakala iwe moja, na mtumiaji awe ndiye aliyeitengeneza. Kifungu cha 38, kinachotaja makosa ya jinai, nacho kinapofika kwa mtu aliyepatikana na nakala haramu, kinamtoa yule aliye nayo kwa matumizi yake mwenyewe na ya nyumbani. Basi kijana anayehamisha nyimbo kutoka kanda iliyooza kwenda kwenye flashi yake si mhalifu, na hakuna askari wa kumwogopa.

Ila kifungu cha 28 hakiishii hapo. Kinaendelea kusema kwamba kwa sababu ya nakala hiyo, mwenye rekodi ana haki ya kupata fidia ya haki, yaani mrabaha unaotozwa kwenye vyombo vya kurekodia na kanda tupu na vifaa vingine vya aina hiyo, ulipwe na kiwanda au na mwingizaji bidhaa pale zinapoingia nchini. Ni mapatano ya watu watatu. Msikilizaji anaruhusiwa nakala yake. Mfanyabiashara anayeleta vifaa analipa kidogo bandarini. Msanii anapokea. Wazo hilo lilianzia Ujerumani mwaka 1965, baada ya mahakama za huko kugongana kwa miaka kadhaa na tepurikoda zilizokwisha kuingia sebuleni kwa watu, na sebule ya mtu si mahali pa kumtuma mkaguzi.

Hapa kwetu mapatano yakaingia kwenye kitabu na kukaa humo. Kwa miaka mingi tangu sheria ianze, tozo hiyo ilibaki karatasini. Zama za kanda zikapita. Sidii zikaja zikapita. Flashi na memori kadi zikashuka Kilindini kwa makontena, zikapandishwa malori hadi Mokowe na kuvushwa kwa mashua. Mwimbaji wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, hakuona hata senti. Katika wale watatu, ni msikilizaji peke yake aliyepata fungu lake, kisha ndiye anayekaripiwa. Yule wa bandarini hatumsikii akitajwa.

Nimeona watu wakidai kwamba Wazungu wana nidhamu katika mambo haya kutushinda sisi. Uingereza iliruhusu nakala ya matumizi binafsi Oktoba 2014. Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa ile, baada ya wanamuziki kulalamika kwamba serikali imetoa ruhusa bila fidia na bila kuthibitisha kuwa hawaumii. Kwa hiyo shangazi aliyeko London akihamisha sidii aliyoinunua kwa pesa zake kwenda kwenye simu yake, anavunja sheria ya kule. Mpwa wake aliyeko Mkomani, hapa Lamu, anafanya jambo lile lile na, ninavyokisoma mimi kifungu cha 28, hana kosa. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu kama mwehu.

Turudi kwenye sanduku, maana kanda zenyewe si za namna moja. Ziko zilizonunuliwa Mombasa, na karatasi zake za rangi. Ziko zilizorekodiwa redioni, na ndani yake unamsikia mtangazaji akiingia kabla wimbo haujesha na marehemu akimtukana. Lakini zaidi ya nusu ni za harusini. Alikuwa na redio yake ya National, akifika mapema akakaa mbele karibu na spika, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kuanzia hapo hazungumzi na mtu. Usiku ukiisha, jambo la kwanza ni kuvunja vile vijino viwili vya juu ya kanda ili mtoto asije akarekodi juu yake. Ukitaka kuitumia tena, unaziba kwa gundi ya karatasi. Kizazi hiki hakijui kwamba kufuli la kwanza la kuzuia kurekodi tulilifunga wenyewe kwa kisu cha jikoni, na shabaha ilikuwa kumlinda mwimbaji asifutwe.

Sheria ina maneno ya ajabu kuhusu kanda hizi za harusi. Mtunzi wa rekodi ya sauti, kwa tafsiri yake, ni yule aliyefanya matayarisho ya kuirekodi. Marehemu kaka yangu, ambaye hakuwahi kupiga udi wala kutunga ubeti mmoja, yaelekea ndiye mtunzi wa rekodi zile sitini na kitu! Hata hivyo juu yake kuna mwimbaji, mwenye haki ya kukubali au kukataa onyesho lake lirekodiwe, na juu ya mwimbaji kuna mshairi. Rekodi inalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kanda kongwe sandukuni imeandikwa 1973, kwa hiyo haki ya rekodi yake ilimalizika mwisho wa 2023. Maneno na mahadhi ya wimbo vina hesabu nyingine: maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Zein l'Abdin, mwimbaji na mpiga udi, mtoto wa Lamu aliyezaliwa 1939, alifariki 2016, hivyo alichokitunga yeye kina wenyewe hadi mwisho wa 2066. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alirekodi Bombay mwaka 1928 na akafa 1950. Kwa hesabu hii hii, vyake vimekuwa vya umma tangu 2001 ianze. Muyaka, mshairi wa Mombasa, yeye alikufa 1840, miaka 46 kabla mataifa hayajakutana Berne kuandika mkataba wa hakimiliki, na mpaka leo wapo wanaoziimba tungo zake.

Wimbo mmoja wa harusi, basi, unaweza kuwa na shairi lisilo na mwenyewe, mahadhi ya udi yenye mrithi, na rekodi iliyo mali ya mtu aliyekuwa amekaa chini ya spika akinywa kahawa. Anayekwambia jambo hili ni jepesi hajafungua sanduku.

Mimi naona ufunguo uko kwenye neno ambalo halimo katika sheria yoyote, nalo ni tuzo. Mwimbaji wa taarabu hakuwa akila kwa kanda. Mwenye harusi alimlipa alichopatana naye, kisha wimbo ukimgusa mtu aliinuka, akaja mbele kwa madaha na noti mkononi, akamtuza. Anayetuza alionekana na watu, na wengine walituza kwa ajili ya kuonekana, hilo tulijue. Ile safu ya redio kaseti chini ya jukwaa haikumuudhi mwimbaji kwa sababu kanda ilikuwa mshenga wake. Ilivuka kwenda Faza, ikashuka Malindi, ikasikiwa na mama mwenye binti, na mwaka wa pili mama yule akasema nataka huyu huyu aje aniimbie. Nakala ilienda mbele, mwimbaji akafuata nyuma kupokea.

Tena kanda ilikuwa na breki yake. Nakala ya nakala ilivuma. Ya tatu ilivuma zaidi, na ikifika ya nne udi unalia kama sufuria. Ukitaka kumsikia mwimbaji sawasawa ilibidi umwite. Faili la simu halina uchovu huo. La elfu moja ni sawa na la kwanza, na ukilitupa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, limekwisha kufika Jeddah kabla chai haijapoa. Hapo siwezi kumtetea mtu kwa kifungu cha 28. Nakala mia mbili si moja, wala kundi si "mwenyewe". Lakini hata hilo, kusema kweli, si ndilo linalomnyima mwimbaji usingizi.

Kinachomnyima usingizi ni harusi. Nenda leo harusini, nimezihudhuria kadhaa mwaka huu, utamkuta kijana wa kompyuta na spika mbili kubwa kuliko mlango. Amelipwa. Nyimbo anazopiga ni zile zile za waimbaji wetu, na mwimbaji mmoja katika hao, mzima wa afya, anakaa mitaa miwili kutoka hapo na amelala kwake. Sauti yake imealikwa na yeye hakualikwa. Ile nakala iliyokuwa mshenga imeoa yenyewe.

Ndiyo maana nasema mwenye flashi masikioni mwake aachwe. Hata asipokuwa nayo, mwimbaji hapotezi harusi. Mwenye spika anayelipwa, hoteli inayopiga taarabu ili mtalii aonje "utamaduni" pamoja na kamba wake, hao ndio wanaokaa kwenye kiti cha mwimbaji. Sheria inawajua. Ipo Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na yamekuwapo mashirika ya kukusanya mirabaha, MCSK ya watunzi, PRISK ya waimbaji na wapigaji, KAMP ya wazalishaji. Migogoro ya leseni kati ya bodi na mashirika hayo imekuwa ya hadharani, na gazeti limeiandika vya kutosha. Mimi nitaongeza hili tu: mpiga udi mzee hapa Lamu anapoambiwa ajaze fomu ya nyimbo zake, na nyimbo zenyewe alizipiga harusini na hajui nani alizirekodi, fomu ile inamwuliza jina la sanduku ambalo liko chumbani kwangu.

Kuna mtu mwingine wa katikati, na hapa nilikuwa natafuta namna ya kumpita. Kwenye meza yake, pamoja na kubadilisha vioo vya simu, mpwa wangu hujaza watu memori kadi. Mteja anasema "nitilie za zamani", analipa, anaondoka na nyimbo mia tatu. Kifungu kinasema matumizi binafsi ya mtu *anayetengeneza* nakala. Fundi anayekutengenezea kwa malipo hajitengenezei, anauza. Kijana aliniuliza kuhusu kanda za babake, ambazo hazina neno, na hakuniuliza kuhusu kadi anazojaza kila siku. Nilipomwambia hivyo alinitazama kidogo, kisha akasema kwa adabu zake zote, "Na ile niliyokutilia wewe Ramadhani, Ami?"

Sikuwa na jibu. Ninayo bado.

Mlango wa pili, wa dini, wengi barazani waliufikiria mwepesi zaidi. Mmoja alisema uhalali wa muziki wenyewe una maneno, sasa mnauliza wizi wake? Hoja hiyo inachekesha lakini haifiki mbali, kwa sababu ukimwibia mtu kitu unachodhani hakufai, bado umeiba. Jambo lenye uzito ni kwamba Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait Desemba 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki za mali zinazolindwa na sharia na haijuzu kuzidhulumu. Uamuzi huo haukuwa jambo lililokubaliwa na kila mwanachuoni kabla yake. Wapo waliosema elimu na maneno havina mwenyewe vikishatoka kinywani. Sisi wa pwani tumekulia katikati ya mawazo hayo mawili. Kanda ya mawaidha tunaambiwa inakili uisambaze upate thawabu. Mkasidi anayekesha kwenye Maulidi naye tunamweka fungu hilo hilo, kana kwamba watoto wake wanakula thawabu.

Inaponiuma zaidi mimi, kupita pesa, ni jina. Washairi wetu walikuwa na desturi ya kujitaja mwishoni, kaditamati, jina langu fulani bin fulani, kwao mahali fulani. Walijua maneno yatasafiri bila wao. Sheria nayo, katika kuruhusu kazi itumike kwa haki kwa matumizi ya faragha, inaweka sharti la kutaja chanzo. Marehemu alilitimiza bila kulisoma: kwenye karibu kila karatasi ya kanda ameandika kwa kalamu ya wino nani aliimba, nani alitunga, harusi ya nani, mtaa gani, mwaka gani. Sasa fungua ile kadi yangu ya Ramadhani. "Taarab ya zamani 14." "Track 07." "Lamu mix." Mtu ameimba usiku kucha na hana hata jina la kuitwa. Nilimwambia mpwa wangu kama anataka kutubu kwa ile meza yake aanzie hapo, aandike majina, na wale walio hai tukae nao tuone anawapa nini katika kila kadi anayouza. Alisema atafikiri. Kwa kijana mwenye kodi ya meza, hilo si jibu baya.

Kazi ya kanda tukaianza. Inaenda polepole kwa sababu kanda ya dakika 90 haina njia ya mkato, lazima uisikilize dakika 90. Nakala moja kwenye flashi moja, na flashi inakaa nyumbani. Wiki ya tatu tukafika kwenye kanda isiyo na jina la mwimbaji, imeandikwa tu "Langoni, 78". Kijana akabonyeza. Ikaanza ngoma, vigelegele, kisha sauti ya mwanamke, pevu, yenye mzaha, na kina mama wakimjibu. Ilikuwa ya ndani, ya harusi ya wanawake. Namna marehemu alivyoipata sijui. Labda mkewe ndiye aliyeingia na redio chini ya buibui. Siku hizi kwenye harusi za kina mama simu zinazuiwa mlangoni, na sababu haina uhusiano na mrabaha. Kwa kifungu cha 28 tungeweza kuinakili bila wasiwasi wowote.

Kijana aliizima kabla sijasema kitu. Akaitoa, akaitia kwenye ganda lake, akaenda nayo jikoni kwa mamake. Mamake aliitazama maandishi, akatabasamu, akaitia mkobani, na mpaka leo hajatwambia iko wapi.